Pikapu Inaposaga Wakati wa Kukata Kona

Mazungumzo na kamati za parokia yaliyofanyika Mabira, Wilaya ya Kyerwa, Mkoa wa Kagera



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo limesumbua vikao vyenu kwa wiki kadhaa: pikapu inayotoa mlio wa kusaga kila inapokata kona. Wapo waliosema iuzwe. Wapo waliosema sivijointi zote mbili za mbele zinunuliwe mara moja. Wapo pia waliosema kwamba maadamu gari bado linatembea, basi liendelee na kazi mpaka fedha za kahawa zitakapopatikana.

Kila moja ya kauli hizi ina gharama yake. Gari hili ndilo linalopeleka dawa kwenye zahanati, saruji na mabati kwenye ujenzi wa madarasa, na miche kwenye vikundi vya wakulima. Usiku ndilo linaloitwa mama mjamzito anapozidiwa. Likiuzwa, kazi hizo zitasimama. Likinunuliwa vipuri visivyohusika, fedha zitakwisha na mlio utabaki. Likiachwa liendelee hivi hivi, siku moja gurudumu linaweza kuchomoka kwenye mteremko watu wakiwa nyuma.

Kwa hiyo tunalo jambo moja kubwa la kuwaambia leo. Mlio wa gari ni taarifa. Taarifa hupokelewa, huandikwa na kuchunguzwa, ndipo uamuzi unapofanyika. Haifai kununua kipuri kabla ya kujua chanzo, na haifai kumnyamazisha dereva anayesema kwamba kuna kitu hakiko sawa.

KWA NINI MLIO UTOKEE KWENYE KONA?

Gari likienda moja kwa moja, magurudumu yote huenda safari iliyo sawa, na uzito wake hugawanyika karibu sawa kushoto na kulia. Likikata kona, mambo matatu hubadilika kwa pamoja.

Kwanza, uzito huhamia upande wa nje wa kona. Gari likikata kulia, magurudumu ya kushoto ndiyo yanayobeba mzigo zaidi. Likikata kushoto, ya kulia ndiyo yanayolemewa. Shikeni neno hili, kwa maana tutalirudia.

Pili, gurudumu la nje husafiri zaidi kuliko la ndani. Katika pikapu kubwa, umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni kama mita moja na nusu. Gari kama hilo likizunguka duara moja kamili, gurudumu la nje litakuwa limetembea karibu mita 9 zaidi ya la ndani. Difu ndiyo inayoruhusu tofauti hiyo, ili gurudumu moja lisimburuze mwenzake.

Tatu, magurudumu ya mbele hupinda. Ukiwa umeweka fowili, nguvu ya injini lazima ipite kwenye kiungo kilichopinda bila kukatikakatika. Kiungo hicho ndicho sivijointi. Ndani yake mna gololi sita za chuma zinazotembea kwenye mifereji. Aina hii ilibuniwa katika miaka ya 1920 na Alfred Rzeppa, mhandisi wa kampuni ya Ford nchini Marekani, na mpaka leo ndiyo inayotumika katika magari mengi duniani. Kadiri gurudumu linavyopinda zaidi, ndivyo gololi hizo zinavyofanya kazi ngumu zaidi.

Basi kama kuna kitu kimelegea, kimekauka grisi au kimelika, kwenye barabara iliyonyooka kinaweza kunyamaza. Kwenye kona hulia. Hapa kwetu kona si chache. Barabara zetu za vijijini hupanda na kushuka milima, nyingi zina udongo mwekundu na changarawe, na mvua huja mara mbili kwa mwaka, Septemba hadi Desemba na Machi hadi Mei. Vumbi la kiangazi na matope ya masika vyote huingia mahali pale pale: kwenye habu za magurudumu.

MASWALI MATANO KABLA YA KUSHIKA SPANA

Dereva ndiye mganga wa kwanza wa gari. Kabla ya kulipeleka gereji, ajibu maswali haya na majibu yaandikwe.

1. Mlio unatokea ukikata kulia, kushoto, au pande zote mbili?

2. Unatokea ukiwa unakanyaga mafuta tu, au hata gari likitembea lenyewe bila kukanyaga?

3. Unatokea gari likiwa katika mwendo tu, au hata likiwa limesimama na wewe unazungusha usukani?

4. Ukigusa breki, mlio unaongezeka, unapungua, au haubadiliki?

5. Fowili ilikuwa imewekwa au haikuwekwa? Loku za habu za mbele zilikuwa zimefungwa au zimefunguliwa?

Maswali haya hayahitaji fedha. Yanahitaji uwanja wa wazi, dereva mtulivu na mtu mmoja wa kusimama nje akisikiliza.

VYANZO VYA MLIO, TUKIANZA NA VISIVYO NA GHARAMA

Jiwe. Nyuma ya diski ya breki kuna bati jembamba la kukinga vumbi. Kwenye barabara za changarawe, kijiwe huweza kuingia kati ya bati na diski na kutoa mlio mkali kiasi cha kumtisha mtu. Wakati mwingine bati lenyewe limegongwa likapinda na kugusa diski. Tochi na bisibisi vinatosha kumaliza tatizo hili.

Fowili iliyosahauliwa. Pikapu nyingi za kazi, zikiwemo Land Cruiser za aina hii, hazina difu ya katikati inayotenganisha ekseli ya mbele na ya nyuma. Kwenye matope hakuna shida, kwa sababu magurudumu huteleza kidogo. Kwenye ardhi kavu na ngumu, kila kona huzikaza ekseli zikashindana. Usukani unakuwa mzito, gari linarukaruka, matairi yanasaga ardhi. Dereva aliyepita kwenye tope asubuhi akasahau kurudisha gia yake kwenye H2 atasikia haya yote mchana. Akiona gia imekataa kutoka, arudi nyuma mita chache kwa kunyoosha, mkazo utaachia.

Tairi linalogusa. Matairi mapana kuliko yale ya kiwandani, au springi zilizochoka, hufanya tairi liguse kava la matope au springi pale usukani unapozungushwa hadi mwisho. Tazama ubavu wa ndani wa tairi: ukiona sehemu iliyong'arishwa au kukwaruzwa, umepata jibu.

Oili ya usukani. Kama gari linaguna hata likiwa limesimama, unapozungusha usukani tu, angalia kwanza chombo cha oili ya usukani. Ikipungua, pampu hulia. Ikiwa na povu, mahali fulani bomba limelegea na hewa inaingia. Madereva wasishikilie usukani ukiwa umefika mwisho kwa zaidi ya sekunde chache, kwa maana hapo pampu hufanya kazi kwa nguvu zake zote.

Pedi za breki. Pedi ikiisha, chuma husaga chuma. Mlio huu kwa kawaida hubadilika mara ukigusa breki. Tusisubiri pedi ipungue chini ya milimita 3 ndipo tununue nyingine, kwa sababu diski iliyokwanguliwa ni ghali kuliko pedi.

Beringi ya gurudumu. Huu ni mlio wa kusaga au wa mvumo unaoongezeka na mwendo, na unaoongezeka zaidi uzito unapolemea upande huo. Kumbukeni neno tulilowaambia mlishike: ukikata kulia na mlio ukaongezeka, mshukiwa wa kwanza ni beringi ya kushoto.

Sivijointi. Hii mara nyingi hugonga tak-tak-tak kwa haraka, hasa usukani ukiwa umefika mwisho na dereva akikanyaga mafuta. Ikiharibika sana husaga. Katika magari ambayo kiungo hiki kimefunikwa na mpira, mpira uliopasuka na grisi iliyotapakaa ni dalili ya wazi. Katika ekseli nzima kama ya pikapu hii, kiungo kimefichwa ndani ya tufe la chuma. Huko tazama kama oili ya difu imepita sili ya ndani na kuchanganyika na grisi, kwani mchanganyiko huo huwa mwepesi na mweusi, nao huvuja nyuma ya gurudumu.

Mtaona kwamba vyanzo vitano vya kwanza vinaweza kukaguliwa kwa saa moja bila kununua kitu. Ndiyo sababu tunaanzia huko. Na msisahau boljointi, kingipini na vichwa vya tairodi: hivi kwa kawaida hugonga kuliko kusaga, lakini fundi avikague wakati gari liko juu.

TULICHOKIONA KATIKA PIKAPU HII

Jana tuliipima pikapu hii uwanjani pamoja na dereva na fundi. Tunaeleza hatua kwa hatua ili kila kamati iweze kufanya hivyo nyumbani kwake.

Tuliiendesha kwa kuzunguka kulia, kisha kushoto, bila mzigo. Ilisaga ikikata kulia. Ikikata kushoto ilikaribia kunyamaza. Breki hazikubadilisha mlio, na gari likiwa limesimama usukani ulizunguka kimya. Jiwe halikuwepo, na matairi hayakuwa na alama ya kugusa.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyookoa fedha za parokia. Tulishuka tukafungua loku za habu zote mbili za mbele. Loku zikiwa zimefunguliwa na gia ikiwa kwenye H2, gurudumu la mbele huzunguka lenyewe na shafti ya ndani haizunguki nalo. Kwa maneno mengine, sivijointi imepumzika. Tukaendesha tena, tukakata kulia, na mlio ukawa ule ule. Kitu kilichopumzika hakiwezi kusaga. Kama kamati ingenunua zile sivijointi mbili, gari lingerudi kutoka gereji likiwa linalia kama lilivyokwenda.

Hapa tutoe tahadhari. Pikapu nyingi mpya hazina loku za kufungua kwa mkono, na katika hizo sivijointi huzunguka muda wote, hata bila fowili. Kwa magari hayo kipimo hiki hakitafaa, na fundi atalazimika kutegemea vile vipimo vingine.

Baada ya kuendesha kama kilomita 10, tulisimama tukakaribisha nyuma ya kiganja kwenye habu ya kulia, kisha ya kushoto. Ya kushoto ilikuwa na joto zaidi. Habu yenye joto kuliko mwenzake ina beringi iliyokauka au iliyokazwa mno, au breki inayokamata.

Kisha tukaweka mawe nyuma ya magurudumu, tukapiga jeki, na kuweka nguzo imara chini ya ekseli. Jamani, mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tulilishika tairi juu na chini tukalitikisa. Lilicheza. Tukamwomba dereva akanyage breki huku tukiendelea kutikisa, na mchezo ukaisha. Breki hushika diski, na diski imefungwa kwenye habu, hivyo mchezo unaoisha kwa breki hutoka kwenye beringi. Kama ungebaki, tungeshuku kingipini. Mwisho tuliweka mkono mmoja juu ya springi na kulizungusha tairi kwa mkono wa pili. Ule mkono wa juu ya springi ulisikia mkwaruzo, kama wa mawe ya kusagia.

NAMNA ILIVYOTENGENEZWA

Fundi alifungua gurudumu, akatoa kalipa ya breki na kuitundika kwa waya. Asiiache ining'inie kwa bomba lake, kwa sababu bomba hilo ndilo linalobeba breki za watu. Kisha akatoa loku ya habu. Nyuma yake mna nati mbili pana na kati yake wosha ya kufungia yenye masikio yaliyokunjwa. Nati hizi zina soketi yake maalumu ya milimita 54. Tunaomba kila gereji inayohudumia Land Cruiser za parokia iwe nayo. Zikifunguliwa kwa nyundo na patasi, kama tunavyoona mara nyingi, nyuzi za ekseli huharibika na kazi ndogo hugeuka kuwa kubwa.

Habu ilipotoka, chanzo kilionekana. Grisi ilikuwa imegeuka rangi ya uji. Hiyo ni dalili ya maji. Sili ya nyuma ya habu ilikuwa imelika, na maji ya madimbwi yalikuwa yakiingia kidogo kidogo kila msimu wa mvua. Beringi ya ndani ilikuwa na vishimo kwenye roli zake, na pete yake ya nje ilikuwa na alama zile zile. Rangi ya bluu haikuonekana kwenye chuma. Ingeonekana, tungejua kwamba joto lilikuwa limeunguza chuma chenyewe na tungeikagua hata ekseli kwa wasiwasi zaidi.

Kazi ilifanyika kwa utaratibu huu:

1. Habu na ekseli zilioshwa kwa dizeli, zikafutwa na kukaushwa kabisa.

2. Beringi zote mbili za habu hiyo zilibadilishwa pamoja na pete zake za nje. Beringi mpya haikai vizuri kwenye pete ya zamani, kwani pete hiyo tayari ina makovu ya ile iliyoharibika.

3. Pete mpya zilipigwa taratibu kwa chuma laini, upande huu kisha upande ule, mpaka zikakaa sawasawa.

4. Grisi ya beringi, ile inayostahimili joto, ilisukumwa kwa kiganja mpaka ikapenya kati ya roli zote. Kuipaka juu juu hakutoshi. Grisi ya zamani haikuchanganywa na mpya.

5. Sili mpya iliwekwa. Bei ya sili ni ndogo sana ukilinganisha na beringi, lakini ndiyo inayoilinda beringi.

6. Nati ya ndani ilikazwa huku habu ikizungushwa ili roli zikae, ikalegezwa, kisha ikakazwa tena kwa upole kufuata kipimo cha kitabu cha gari. Gurudumu lisicheze, lakini lizunguke bila kukwama. Ikikazwa mno, beringi itaungua, na ikilegea mno, itagonga. Ndipo wosha ikakunjwa na nati ya pili ikafungwa.

Habu ya kulia nayo ilifunguliwa, ikaoshwa, ikapakwa grisi na kuwekewa sili mpya, kwa kuwa imepita kwenye madimbwi yale yale. Leo asubuhi dereva ameizungusha pikapu kulia na kushoto mbele ya baadhi yenu, na mmesikia wenyewe kwamba imenyamaza. Kazi bado haijakwisha: baada ya kilomita 500 gurudumu litapigwa jeki tena na kutikiswa, kwa sababu beringi mpya hujikalisha na nati inaweza kuhitaji kurekebishwa.

KAZI YA KAMATI

Ndugu wanakamati, wengi wenu si mafundi, na hatuwaombi muwe mafundi. Tunawaomba mambo manne.

La kwanza ni daftari. Dereva wa pikapu hii alikuwa ameusikia mlio huu wiki nyingi zilizopita na akausema kwa mdomo. Neno lake halikuandikwa popote, na kwa hiyo halikufika kikaoni mpaka kila mtu aliposikia mwenyewe. Daftari la safari liwe na safu moja ya ziada: "Dalili". Dereva aandike tarehe, kilomita na alichokisikia. Kila mwezi mtu mmoja wa kamati alisome na kutia saini.

La pili ni mamlaka ya kusimamisha gari. Dereva akisema gari si salama, lisiondoke mpaka likaguliwe, hata kama anayesubiri ni mgeni mkubwa. Beringi ikivunjika, habu hulala, breki za gurudumu hilo hushindwa kufanya kazi vizuri, na gurudumu linaweza kukwama au kuchomoka. Tunajua hali ya usafiri wa huku. Nyuma ya pikapu huketi watu. Dereva anayeogopa kufukuzwa kwa kusema ukweli ni hatari kuliko beringi mbovu.

La tatu ni utaratibu wa kununua. Kabla ya kuidhinisha kipuri, kamati imuulize fundi maswali mawili: "Umejuaje kwamba ndicho hiki?" na "Kipi kingine umekikagua ukakiondoa?" Fundi mzuri hatakasirika. Atajibu kwa furaha, maana maswali haya yanaheshimu kazi yake. Kipuri cha zamani kirudishwe kikaoni kionekane. Na vipuri vinunuliwe mahali panapotoa risiti. Vipuri bandia vipo sokoni, na Tume ya Ushindani imekuwa ikipambana navyo kwa miaka mingi. Beringi bandia hufanana sana na halisi ikiwa ndani ya boksi. Tofauti huonekana barabarani.

La nne ni ratiba. Habu za mbele zifunguliwe, zioshwe na kutiwa grisi kwa vipindi vilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na zaidi ya hapo kila mara gari likipita kwenye maji yaliyofika usawa wa habu. Kwa mazingira yetu tunashauri ukaguzi mara mbili kwa mwaka: Agosti kabla ya mvua za Septemba, na Februari kabla ya masika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni sili ya mpira.

NENO KWA WAFADHILI

Ndugu wafadhili, magari mliyotupa yamefanya kazi kubwa katika vijiji hivi tangu enzi ambazo Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Karagwe, kabla ya kuwa wilaya kamili mwaka 2012. Tunawashukuru kwa dhati. Tunaomba pia mtusikilize katika jambo moja.

Katika miradi mingi, bajeti ya kununua gari huwa kubwa na bajeti ya kulitunza huwa ndogo au haipo kabisa. Mradi unapokwisha, gari hubaki kwa parokia pamoja na mahitaji yake yote. Sili ikikosa kununuliwa kwa kukosa mahali pa kuiandika kwenye bajeti, miezi michache baadaye huombwa fedha za beringi. Beringi ikikosa, huombwa fedha za ekseli. Na ekseli ikikosa, huombwa gari jipya, na gari la zamani huonekana nyuma ya ofisi likiwa juu ya matofali huku kuku wakitaga ndani yake.

Tunapendekeza mambo mawili. Kila gari liwe na mfuko mdogo wa matengenezo, unaochangiwa kwa kila kilomita linayosafiri, pamoja na safari za mradi wenyewe. Na fedha za mafunzo zimfikie dereva na fundi wa kijijini. Soketi moja, kitabu cha gari kilichotafsiriwa kwa Kiswahili na siku tatu za mafunzo vinaweza kurefusha maisha ya gari kwa miaka. Haya si maombi ya fedha nyingi zaidi. Ni maombi kwamba sehemu ndogo ya fedha zile zile ipelekwe mahali ambapo haionekani kwenye picha.

Nasi kwa upande wetu tunaahidi hesabu. Kamati zitakazokubali utaratibu huu zitatuma nakala ya ukurasa wa daftari kila robo mwaka, ikionyesha kilomita, dalili zilizoandikwa, hatua iliyochukuliwa na risiti. Mfadhili ataona shilingi yake imekwenda kwenye sili gani, ya gurudumu gani.

Ndugu zetu, mvua ziko karibu. Kabla hazijaanza, tunaomba kila parokia yenye gari ifanye jambo moja wiki hii: dereva apeleke gari uwanjani, azunguke kulia, azunguke kushoto, na mtu mmoja wa kamati asimame nje asikilize. Kitakachosikika kiandikwe. Baada ya mazungumzo haya fundi atabaki hapa na ile habu ya zamani, beringi zake na sili iliyolika, ili kila mmoja azishike kwa mkono wake. Karibuni sana.